Mwenye Nia

Daftari lenyewe bado ninalo. Ni la kurasa mia moja, jalada la bluu, pembe zimekatika kwa kukaa ndani ya begi pamoja na sabuni. Hata leo ukilifungua linanukia ndimu. Nimejaribu kulichoma mara mbili na mara zote mbili nimelitoa jikoni kabla halijashika moto.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili wakati ule. Shule niliishia kidato cha pili. Nilitoka kwetu Serengeti, upande wa Mugumu, kuifuata dhahabu ya Nyamongo kama kila kijana aliyekuwa na miguu. Baba yangu ni Mnata, kabila la huko kwetu, mama ni wa Tarime lakini aliondoka kwao akiwa msichana, kwa hiyo Kikurya changu kilikuwa cha salamu na matusi tu, na mila za ujombani nilizijua kwa kuzisikia.

Duara, yaani shimo la wachimbaji, niliingia mara moja. Walinishusha kwa kamba mpaka chini, nikatazama juu, nikaona mbingu imekuwa ndogo kama sahani ya kikombe. Nikaanza kulia. Wakanivuta huku wanacheka, na mkubwa wao akasema, "Huyu atafutiwe kazi ya juu ya ardhi."

Kazi ya juu ya ardhi niliipata Tarime mjini, Turwa, nilikopanga chumba. Ilikuwa biashara ya sabuni, kahawa ya unga na mafuta ya kupaka, ila kuuza ndiyo ilikuwa sehemu ndogo. Kazi kubwa ilikuwa kuwaingiza watu wengine nao wauze, na wao waingize wengine, na kila aliyeingia chini yako akupandishe wewe ngazi. Aliyeniingiza alikuwa kaka mmoja wa Mwanza. Hatukumwita bosi. Tulimwita mlezi. Alikuja kila baada ya wiki mbili akatufundisha nyuma ya nyumba ya wageni, kwenye viti vya plastiki, viatu vyake vinang'aa hata mvua ikinyesha. Sijui alivukaje matope yale. Nilimpenda sana mlezi kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza ndoto yangu ni nini, akanyamaza asikilize.

"Usimwite mtu mteja," alikuwa akitufundisha. "Mteja ananunua anaondoka. Mwite mwenye nia. Kazi yako ni kumtafuta mwenye nia, na ukimpata, kumfuatilia."

Tukaandika: mwenye nia, kufuatilia. Daftari tuligawa sehemu tatu, Moto, Vuguvugu na Baridi. Mtu anayeitikia unamweka kwenye Moto. Anayesema nitafikiria, Vuguvugu. Anayekufungulia mbwa, Baridi, lakini jina lake usilifute.

"Hakuna anayesema ndiyo siku ya kwanza," mlezi aliendelea. "Mfuate mara saba. Usiende mikono mitupu, peleka hata sabuni. Siku za mwanzo usitaje biashara kabisa. Kaa nao, kula chakula chao, uliza ndoto zao, waambie sisi ni familia. Utajuaje ana nia? Maswali. Mwenye nia anauliza maswali. Na jambo la mwisho, andikeni kwa wino mwekundu: asiye na kipato, usipoteze muda."

Sikuwa na wino mwekundu. Niliandika kwa bluu nikapiga mistari miwili chini yake.

Nikaenda Kewanja. Pesa ya Tarime nzima ilikuwa inazaliwa huko, pembeni ya mgodi mkubwa, na mimi nikajiambia kwamba kwenye pesa ndiko kwenye nia. Sikujua kwamba wengi wanaokaa karibu na dhahabu wanaishi kwa mawe tu.

Siku ya kwanza niliwakuta akina mama wamekaa chini ya turubai, kila mmoja na nyundo yake na rundo lake. Walikuwa wanaponda mawe yaliyobaki, yale ambayo wenye maduara wameyatupa, ili wayapeleke karasha yakasagwe, labda ndani yake pamebaki kitu. Vumbi limewapaka nyuso zote rangi moja. Mimi na shati langu jeupe na begi nikasimama mbele yao kama mtu aliyepotea njia ya harusini.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba. Umekuja kutuombea au kutukopesha?" mmoja akauliza.

"Sina cha kukopesha, mama."

"Basi ni mchungaji. Tuombee haya mawe yalainike."

Wakacheka wote. Nikacheka nao, maana mimi kucheka sihitaji kusukumwa. Pembeni yao mama mmoja alikuwa anahangaika kuinua kiroba kilichojaa mawe kumtwika binti yake. Niliweka begi chini nikakishika upande wa pili. Kilikuwa kizito hata mgongo ukalia. Binti akakipokea kichwani bila kutetereka, akaniangalia, akasema, "Asante, mtu wa begi. Sasa kapumzike, usije ukatufia hapa."

Ndivyo nilivyowapata. Mama yule alinipa uji wa wimbi kwenye kikombe cha bati, akaniuliza ninatoka wapi, wazazi wako hai, tumezaliwa wangapi. Kila swali aliloniuliza nilifurahi zaidi. Maswali yote hayo siku ya kwanza. Nilipomwambia ningependa kuja kuwatembelea nyumbani Kerende nimsalimie na mzee, alimwangalia binti yake anavyoshuka na kile kiroba, kisha akasema, "Nitamwambia mzee."

Jioni nikaandika: Mama mponda mawe, Kerende. Moto.

Na chini yake, kwa sababu mlezi alitaka tuandike kila mtu wa nyumba, nikaandika mstari mmoja kuhusu binti. Niliuandika upesi, bila kuufikiria, kama mtu anavyoandika kuku wangapi na mbuzi wangapi.

Mara ya pili nilikwenda na sukari. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na zizi, ng'ombe wake wanne wamelala wanacheua. Hakuitikia salamu yangu haraka. Aliniacha nisimame mpaka nikaanza kuona haya.

"Wewe mura," akaniita, yaani kijana, "kwenu wapi?"

"Serengeti, mzee."

"Serengeti ni kubwa. Hata tembo wanakaa Serengeti."

"Upande wa Mugumu, mzee. Baba ni Mnata. Mama yangu ndiye wa huku."

"Wa ukoo gani?"

Nikamtajia ukoo wa mama. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa chenji sahihi. Akauliza niliingia jandoni na rika lipi. Akauliza baba yangu ana ng'ombe wangapi. Akauliza kama nina ndugu ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, kama nimewahi kufungwa, kama kwetu kuna ugonjwa wa kuanguka. Mimi najibu moyo unacheza ngoma. Sikuwahi kukutana na mtu mwenye maswali mengi kama yale. Nyumbani niliandika: Mzee. Moto sana. Nikapiga mstari.

Ningekuwa nimekulia kule, ningejua. Mtoto yeyote wa darasa la tatu Kerende angejua. Kijana mgeni aliyenyoosha shati, anayekuja na sukari, anakaa zizini na mzee, hataji shida yake, halafu anarudi tena na tena kwenye nyumba yenye binti mkubwa, huyo hana haja ya kusema kitu. Hata neno lenyewe ni lile lile. Wao husema kuna kijana ana nia pale. Husema anafuatilia.

Binti alinizidi miezi michache. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, lakini matokeo hayakumpeleka popote, akarudi kwenye nyundo ya mama yake. Ndiye aliyeninawisha mikono kila nilipokula pale. Alikuwa na tabia ya kunimwagia maji taratibu mno ili nikae nimeinama muda mrefu, halafu anacheka puani. Tulikuwa tunaongea nje ya jiko, mama yake ndani anatusikia, mimi nikidhani hatusikii.

Mara ya tatu nilimpa karatasi. Mlezi alikuwa ametufundisha kwamba mtu achore ndoto yake, aibandike ukutani, aione kila asubuhi.

"Chora unachotaka," nilimwambia.

"Mimi si mtoto wa chekechea."

"Chora tu. Hata mimi nimechora."

"Ulichora nini?"

"Gari."

"Unajua kuendesha?"

"Sijui."

"Basi ulichora ajali," akasema. Lakini karatasi aliichukua. Aliinama juu ya goti lake muda mrefu, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo. Aliponionesha, ilikuwa nyumba ya bati yenye dirisha moja kubwa la vioo, na nyuma ya dirisha cherehani. Hakuchora mlango. Nikamuuliza utaingilia wapi. Akasema, "Nitakuwa ndani tayari."

Nilifurahi. Nilisema maneno ambayo nilikuwa nimeyakariri kutoka kwa mlezi, na niliyasema kwa moyo wangu wote, ndiyo maana mpaka leo yananiuma: "Ukiungana na mimi, hutaponda mawe tena. Hiyo nyumba tutaijenga pamoja."

Hakucheka. Aliikunja ile karatasi mara nne akaiweka ndani ya kitambaa alichojifunga kichwani. Na kule jikoni, mwiko wa mama yake ulinyamaza kwenye sufuria.

Nilikwenda mara ya nne na sabuni, mara ya tano na majani ya chai, ingawa wao hawanywi chai, wanasali Jumamosi na chai kwao ni kama pombe ndogo. Mama aliyapokea kwa mikono miwili, akasema watawapa wageni. Katikati ya safari hizo nilikuwa napiga simu. Mtandao kwao ulishika juu ya kichuguu nyuma ya zizi tu, kwa hiyo binti alikuwa anapanda pale kila saa kumi jioni, na mimi kila saa kumi jioni napiga. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari: simu ya ufuatiliaji, dakika mbili. Hazikuwa mbili. Tuliongea habari za mbuzi aliyekula hati ya shamba ya jirani. Tuliongea kwa nini wazungu hawapigi miluzi. Siku moja nilimsimulia habari za duara, jinsi nilivyolia, kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu, na yeye hakucheka. Akasema, "Mimi pia ningelia. Halafu ningewaambia ni vumbi."

Nilikuwa namweleza na mambo ya kazi yangu pia, kwa majivuno, hata habari za daftari tunaloandika kila mtu. Nilimwambia mlezi wetu anasema mtu hufuatiliwa mara saba.

"Na ya saba inakuwaje?"

"Ya saba mtu anajibu."

Nikasikia upepo wa kichuguuni ndani ya simu. "Sawa," akasema.

Mara ya sita mzee mwenyewe ndiye aliyesema, "Jumapili ya wiki ijayo njoo na mkubwa wako. Na mimi nitaita ndugu zangu."

Nilitoka pale nikiruka kama ndama. Nilimpigia mlezi nikiwa bado njiani: mzee anaita ukoo mzima tuwafundishe, kikao, hata sijaomba. Mlezi alisema katika miaka yake yote hajawahi kuona kijana anayefuatilia kama mimi. Alisema atapanda gari kutoka Mwanza Jumamosi. Nililala kitandani Turwa nikahesabu ngazi nitakazopanda.

Jumapili ile tulifika saa tano asubuhi. Ua umefagiliwa mpaka ardhi inaonesha mistari ya ufagio. Chini ya kivuli chembamba cha ghala walikuwa wamekaa wazee watano, mmoja wao mjomba wa binti, aliyevuka kutoka upande wa Kenya akiwa na koti la suti. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, ngozi imewambwa. Binti sikumwona, ila nilisikia akina mama jikoni wanamcheka mtu, na mlangoni nikaona pindo la kitenge kipya linapita.

Mlezi aliniminya mkono. "Umeandaa watu," akanong'ona.

"Huyu ndiye mkubwa wako?" mzee akauliza.

"Ndiye, mzee. Ndiye aliyenileta."

"Ni wa ukoo wenu?"

"Sisi ni familia moja, mzee wangu," mlezi akajibu kwa sauti ya semina. Wazee wakatikisa vichwa. Mshenga mwenye viatu kama vile ni mshenga wa maana.

"Na huyu kijana ako na ng'ombe ngapi?" mjomba wa Kenya akauliza.

Mlezi hakusikia vizuri, au alidhani ni mzaha wa kuchangamsha kikao. Akasema, "Kwa mpango wetu, mzee, baada ya miaka miwili ng'ombe hatawahesabu."

Wakaguna kwa kuridhika. Mlezi akabandika karatasi kubwa kwenye ukuta wa ghala, akatoa kalamu nene, akachora duara juu kabisa. "Huyu hapa ni kijana wetu. Chini yake tunaweka wawili."

"Wawili ni mabibi?" akauliza mjomba wa Kenya, akimaanisha wake.

"Na hawa wawili, kila mmoja anapata wawili wake."

"Basi hao wanne ni wajukuu wetu," akasema mzee mwingine.

"Wanne wanakuwa wanane."

"Anazaa upesi upesi huyu."

Wakacheka, na mlezi akacheka nao, na mimi nikacheka, lakini kicheko changu kilikatikia katikati. Nilitazama ile ngozi ya mbuzi. Nilitazama koti la suti. Nikakumbuka maswali yote, rika, ukoo, kifafa, moja baada ya jingine, kama mtu anayekumbuka ndoto akiwa anaoga. Nilitaka kumshika mlezi mkono. Alikuwa ameshafika mbali.

"Sasa mzee wangu," akamgeukia mwenye nyumba, "ukijaza fomu leo, wewe ndiye utakuwa wa kwanza. Unakaa hapa." Akaweka nukta chini ya duara langu.

Tukasikia nzi kwenye ngozi.

"Mimi," mzee akasema. "Chini yake."

"Chini yake moja kwa moja, mzee."

"Baba mkwe anakaa chini ya mkwewe."

Mlezi akanitazama. Ndipo na yeye alipoanza kuelewa, nikaona kalamu inashuka.

Mzee hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali. Alinigeukia mimi, hakumtazama mlezi tena siku ile. "Mura. Umekuja kufanya nini hapa kwangu?"

Kuna watu huniuliza mbona sikusema vile, mbona sikusema hivi. Najua. Nilikuwa na nafasi ya pumzi moja. Ningeweza kusema, mzee, nilikuja kwa hili lakini sasa naona moyo wangu ulikuja kwa lile. Ingekuwa kweli. Lakini sikuwa na ng'ombe hata mmoja, nilikuwa na begi, na wazee watano walikuwa wananitazama, na mimi ni yule yule aliyelia duarani.

"Nilikuja kwa ajili ya biashara, mzee."

"Mara zote saba?"

Sikujua kwamba na yeye alikuwa anahesabu.

"Mara zote, mzee."

Akainamisha kichwa. Mzee mmoja wa pembeni akasema, kama anaongea na fimbo yake, "Na watu wa Sirari tuliwarudisha." Mjomba wa Kenya akaniambia kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba kulikuwa na seremala wa Sirari aliyefiwa na mke, mtu mtaratibu, aliyetuma watu mara mbili kumposa huyu binti, na alikuwa ameahidi kumnunulia cherehani. Waliambiwa wasubiri, kuna kijana anafuatilia. Mara ya pili binti mwenyewe ndiye aliyesema hapana.

Jikoni kicheko kilikuwa kimekwisha. Nadhani walikuwa wamekisikia kikao kizima.

Mlezi alianza kukunja karatasi yake. Mzee akamzuia kwa kiganja. "Kuleni kwanza," akasema. "Mbuzi hawezi kurudi zizini."

Tukala. Sijawahi kula chakula kigumu namna ile kushuka. Aliyekuja kuninawisha ni yeye, maana ndiyo ilikuwa kazi yake na hakuna aliyefikiria kumbadilisha. Alikuwa ameshavua kitenge kipya, amevaa kile cha kupondea mawe. Maji aliyamwaga upesi, yakaisha.

Mlezi njiani alisema ni ajali ya kazi. Alisema, "Waweke kwenye Vuguvugu, rudi baada ya miezi mitatu." Alikuwa anasema kweli, ndivyo alivyofundishwa na yeye. Sikumchukia. Lakini tulipofika Turwa nilimrudishia sabuni zilizobaki, na kila saa kumi jioni nilikaa nimeishika simu nisipige. Siku ya nne nikapiga. Haikupatikana. Alikuwa hapandi tena kichuguuni.

Nilikaa mwezi mmoja na nusu. Nilibeba matofali, nikala mara moja kwa siku, nikawa najiambia maneno nitakayosema. Nilikuwa nimeyapanga vizuri. Kwamba sina kitu, lakini sasa nina nia, yangu mwenyewe, si ya mlezi. Kwamba nitaanza na mbuzi. Nikaenda Kewanja bila shati jeupe, na begi begani kwa mazoea tu, ndani yake daftari peke yake.

Walikuwa wamekaa pale pale chini ya turubai. Akina mama waliponiona hakuna aliyetania. Mama yake aliitikia shikamoo yangu, akaendelea kuponda. Niliuliza habari za Sirari kabla sijauliza kingine, kwa sababu nilitumaini, kweli kabisa nilitumaini, kwamba angalau hilo lilikuwa limerudi mahali pake.

"Mzee alituma mtu," mama akasema. "Yule seremala ameshaoa. Mke ni wa Kenya."

Binti alikuwa nyuma ya rundo lake, nyundo mkononi. Vumbi limekaa kwenye kope. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mlezi wako alisema mara saba," akasema. "Hii ni ya nane."

"Sikuja kwa ajili ya mlezi."

"Lile daftari unalo?"

"Ninalo."

"Nataka kuona uliniandika wapi."

Ningeweza kusema nimelisahau. Lakini begi lilikuwa begani na yeye alikuwa ameshanyoosha mkono, na mimi, Mungu anisamehe, sikukumbuka nilichoandika. Nilidhani sikuandika kitu. Nilidhani atakuta jina la mama na la baba na nafasi tupu, na kwenye nafasi hiyo tupu ndipo ningesema maneno yangu.

Alifuta vidole kwenye kitenge kabla ya kufungua. Alipata ukurasa upesi. Akasoma kwa sauti ya kawaida, kama anavyosoma mtu lebo ya dawa.

"Mama mponda mawe, Kerende. Moto." Akashusha kidole. "Binti mmoja nyumbani. Hana kipato. Usipoteze muda."

Mistari miwili chini yake. Nilikuwa nimeipiga na pale.

Mama yake aliacha kuponda. Binti hakulia wala hakunitupia daftari. Alilifunga, akapangusa vumbi lake juu ya jalada, akanirudishia kwa mkono wa kulia, kwa adabu kabisa.

"Ulipoteza mwingi," akasema. "Pole."

Kisha akachukua jiwe jingine.

Nilikaa pale nimechuchumaa mpaka magoti yakaniuma. Maneno niliyoyapanga yote yalikuwepo, hata moja halikuwa limepotea, na hakuna lililofaa. Kiroba chao kilikuwa kimejaa. Mama alisimama akakishika upande mmoja, nami nikainuka haraka nikakimbilia upande wa pili kama siku ile ya kwanza. Alikuwa ameshamwita mwanamke wa jirani kwa mkono.

"Acha tu, mwanangu," akaniambia. "Sisi tumezoea."

Wakamtwika. Hakutetereka. Nikamwangalia akishuka kuelekea karasha, na kitambaa chake cha kichwani, kile alichoweka ile karatasi ya nyumba, kimekunjwa chini ya kiroba kuwa kata ya kutwikia mzigo.